Wanawake Waliobaki na Ufunguo

Nilikuwa nimesimama juu ya daraja dogo katika Groot Begijnhof, mtaa wa kale wa Mabegina, wanawake wacha Mungu walioishi pamoja kwa sala na kazi tangu zama za kati, mjini Leuven, Ubelgiji, nikimsubiri binti mmoja wa nyumbani anayesomea shahada ya uzamivu katika chuo kikuu cha pale. Mto Dijle ulipita chini yangu, na pande zote zilisimama nyumba za matofali mekundu zenye milango mizito, nyingi zikiwa zimejengwa katika karne ya 17 juu ya viwanja vilivyokaliwa tangu karne ya 13. Chuo kikuu kiliununua mtaa mzima mwaka 1962, wakati nyumba zake zilikuwa zimechakaa vibaya, kikaukarabati na kuwapangishia wanafunzi na wahadhiri wageni. Ndiyo maana mwenyeji wangu aliibuka kwenye kona akichakura mkoba kutafuta ufunguo, kama mpangaji mwingine yeyote.

"Karibu utawani, dada," alinitania.

Nilimuuliza masista wenyewe walihamia wapi.

"Hawakuwa masista, dada yangu. Hawakuweka nadhiri za daima. Aliyetaka kuolewa alifungasha vitu vyake akaenda zake."

"Na mali yake?"

"Ilikuwa yake."

Tuliingia ndani, tukanywa chai, tukazungumza habari za watu wa nyumbani. Lakini majibu yale mawili mafupi yamenisumbua kwa wiki nyingi, na sababu yake wasomaji waliolelewa parokiani wataielewa bila maelezo marefu. Sisi tunamjua sista kwa nadhiri zake. Tumehudhuria sherehe za nadhiri za daima, tumeona mzazi akilia kwenye benchi la mbele kwa furaha iliyochanganyika na jambo jingine, na tunajua kwamba baada ya siku hiyo hakuna kurudi nyuma kirahisi. Mwanamke anayesali kama sista, anayehudumia wagonjwa kama sista, anayeishi na wenzake bila mume, na hata hivyo anaweza kuondoka siku atakayoamua, hakuwa kichwani mwangu kabisa.

Akibaki miaka 40, kinachombakisha ni nini?

## Binti wa Nivelles

Mmoja wa Mabegina wa kwanza tunaowajua kwa undani ni Marie, aliyezaliwa Nivelles mnamo mwaka 1177 katika familia yenye mali. Wazazi wake walimwoza akiwa na umri wa miaka 14. Yeye na mumewe, Jean, walikubaliana kuishi kama kaka na dada, wakaacha starehe za kwao, wakahamia Willambroux kuwahudumia wenye ukoma. Watu walipozidi kumfuata huko, Marie aliomba ridhaa ya mumewe, akahamia Oignies, jirani na jumuiya ya makanoni, yaani mapadre wanaoishi pamoja kwa kanuni, akaishi kwa sala na kazi ya mikono hadi alipofariki mwaka 1213. Hakuingia shirika lolote, hakuwa na mama mkuu, wala hakuna siku iliyoandikwa kwamba siku hiyo alianza kuwa mtawa.

Habari zake zimetufikia kwa kalamu ya Jacques de Vitry, padre msomi aliyevutwa na sifa zake akaja kuishi karibu naye. Alimpenda na kumheshimu kiasi kwamba baada ya kifo cha Marie alivaa kidole kimoja cha Marie shingoni, ndani ya kikasha cha fedha. Hata hivyo, maandishi yake nayasoma kwa tahadhari. Aliyaelekeza kwa askofu wa Toulouse, aliyekuwa amefukuzwa jimboni mwake na wapinzani wa Kanisa, na alitaka kuonyesha kwamba Kanisa lina wanawake watakatifu kuliko wanawake wowote ambao wazushi wa kusini mwa Ufaransa wangeweza kujivunia. Marie tunayemwona ni Marie aliyekuwa na kazi ya kufanya katika vita vya mtu mwingine.

Wakati huo miji ya sufu ya Flanders, katika Ubelgiji ya leo, yaani Gent, Brugge, Ieper na mingineyo, ilikuwa ikikua kwa kasi na ilihitaji mikono ya kuosha, kuchambua na kusokota. Wasichana walitoka vijijini kwenda mjini kutafuta kazi kabla ya ndoa, au badala ya ndoa. Monasteri zilikuwa chache, na nyingi hazikumpokea binti asiyekuja na mahari ya kuingilia. Kwa miaka mingi wanahistoria, hasa wa Ujerumani, walieleza Mabegina kwa hesabu hiyo peke yake: wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, kwa hiyo waliokosa mume na kukosa monasteri wakarundikana pamoja. Hesabu hiyo ina ukweli wake, lakini nimechoka na maelezo yanayomchukulia mwanamke asiyeolewa kuwa ni chenji iliyobaki baada ya manunuzi. Marie alikuwa na mume. Alikuwa na mali pia. Hakukosa chochote kati ya vitu ambavyo maelezo hayo yanasema alikosa.

## Kibali kisichoandikwa

Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano uliamua kwamba mashirika mapya ya kitawa yasianzishwe tena. Yeyote aliyetaka maisha ya kitawa alipaswa kuchukua kanuni iliyokwisha kuidhinishwa. Kwa wanawake hawa amri hiyo ilikuwa hatari, kwa kuwa hawakuwa na kanuni, na wengi wao hawakuitafuta.

Mwaka uliofuata, Jacques de Vitry alifika Perugia ambako makao ya Papa yalikuwa kwa muda, akielekea kuwekwa wakfu kuwa askofu wa Acre, mji wa Nchi Takatifu. Alikuta Papa Innocent III amefariki. Katika barua aliyowaandikia marafiki zake anasimulia kwamba wezi walikuwa wameuvua mwili wa Papa mavazi ya thamani aliyotarajiwa kuzikwa nayo, ukaachwa kanisani karibu uchi, ukinuka. Ni katika barua hiyohiyo, yenye mwili wa Papa ulioporwa usiku, ndipo tunapopata habari njema ya Mabegina: Honorius III, aliyechaguliwa mara baada ya hapo, alikubali kwamba wanawake wacha Mungu wa jimbo la Liège, wa Ufaransa na wa dola ya Ujerumani waruhusiwe kuishi katika nyumba moja na kutiana moyo katika mema.

Alikubali kwa mdomo.

Nimerudia kuisoma sehemu hiyo mara nyingi. Kwa miaka takriban 100 iliyofuata, maelfu ya wanawake waliishi chini ya kibali ambacho chanzo chake ni neno lililosemwa chumbani na kukumbukwa na mtu mmoja mwenye upendeleo. Mwaka 1233 Papa Gregory IX alitoa barua ya kuwakinga mabikira wa namna hiyo katika Ujerumani, nayo ilisaidia. Lakini hakuna aliyewaandikia kanuni, na hakuna aliyewatajia mwanzilishi. Wafransisko wana Fransisko, Wadominiko wana Dominiko. Mabegina hawana wa kumtundika ukutani.

## Sufu kutoka mjini

Andiko ninalolipenda kuliko yote kuhusu wanawake hawa si la mwanateolojia. Ni taarifa iliyoandikwa mwaka 1328 kuhusu mtaa wa Mtakatifu Elizabeti mjini Gent, wakati wajumbe wa askofu walipokuja kuchunguza kama Mabegina wa pale ni wema au ni wazushi.

Taarifa inasema kwamba wengi wao hawakuwa na kitu ila nguo zao, kitanda na sanduku, na hata hivyo hawakuwa mzigo kwa mtu. Sufu na vitambaa vililetwa kutoka mjini, wao wakavisafisha, na ujira wa kila siku ukawatosha kwa maisha ya kawaida, wakalipa michango ya kanisa na kubaki na kidogo cha sadaka. Asubuhi walikwenda kanisani, kila mmoja mahali pake palipopangwa, ili asiyefika aonekane mara moja. Baada ya Misa walirudi kazini. Walifanya kazi kimya, isipokuwa wawili waliofaa zaidi, ambao walisoma Zaburi kwa sauti, ile ya "unirehemu" na nyingine walizozijua, pamoja na Salamu Maria, mmoja akitoa mstari huu na mwenzake mstari unaofuata, huku wengine wakiwafuata kimoyomoyo au wakisikiliza.

Hebu liweke tukio hilo machoni. Chumba kimejaa harufu ya sufu mbichi na maji machafu, mikono imeloa na kukakamaa kwa baridi ya Flanders, na juu ya kazi hiyo zaburi inakwenda na kurudi kati ya sauti mbili. Hakuna padre chumbani. Hakuna kengele ya monasteri wala vitabu vya kwaya vilivyonakshiwa. Kazi iliyowalisha na sala iliyowakusanya zilikuwa mahali pamoja na kwa wakati mmoja, na sidhani kama wangeweza kutuambia ipi ilianza.

Si wote walikuwa maskini. Mtaa wa Mabegina ulikuwa na nyumba za pamoja kwa wasio na uwezo na nyumba binafsi kwa wenye nacho, ambao waliweza kununua au kujenga nyumba ndani ya ukuta na kuishi na mtumishi. Walikuwa na zahanati yao kwa wagonjwa na wazee, mfuko wa kuwasaidia maskini miongoni mwao, na bibi mkubwa waliyemchagua wenyewe kuwasimamia. Aliyeingia aliahidi mambo mawili tu kwa muda wote atakaokaa humo: kuishi bila mume, na kumtii bibi mkubwa katika mambo ya mtaa. Hakuahidi ufukara. Fedha zake alizitumia, alizikopesha, na alipokufa aliziachia wengine kwa wosia.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini jibu la yule binti kuhusu mali lilinishtua zaidi kuliko jibu lake kuhusu ndoa. Mwanamke mwenye kitanda chake, sanduku lake na ujira wake hahitaji kuombewa ruhusa na mtu ili aendelee kuwapo.

## Waliokerwa

Kulikuwa na waliowapenda. Mfalme Louis IX wa Ufaransa aliwajengea makao makubwa Paris, yenye wanawake takriban 400. Robert de Sorbon, yule ambaye jina lake limebaki kwenye chuo cha Sorbonne, aliwahubiria wasomi wenzake kwamba siku ya hukumu begina asiyejua teolojia anaweza kufaulu vizuri kuliko wao. Mwandishi wa kumbukumbu wa Kiingereza, Matthew Paris, alishangaa kusikia kwamba Cologne na miji ya jirani ilikuwa nao 2,000.

Wengine walikerwa, na ninachojifunza kwao ni kikubwa zaidi. Mnamo mwaka 1273 na 1274, maandalizi ya Mtaguso wa Pili wa Lyon yalipokuwa yakiendelea, Papa aliomba ripoti kuhusu kasoro za Kanisa. Gilbert wa Tournai, Mfransisko, alilalamika kwamba kwao kuna wanawake ambao haijulikani waitwe walei au watawa, kwa sababu nusu wanaishi kama hawa na nusu kama wale. Alilalamika pia kwamba wanasoma Maandiko kwa Kifaransa, tena hadharani. Bruno, askofu wa Olmütz, alikwenda moja kwa moja kwenye dawa: waozwe, au waingizwe katika shirika lililoidhinishwa. Alihisi wanakimbia utii wa padre na utii wa mume kwa mpigo.

Mshairi Rutebeuf wa Paris naye aliwadhihaki: leo begina ni Martha, kesho ni Maria, leo anajitunza, kesho anaolewa, nadhiri zake si za maisha. Kisha anamaliza kwa kuwaonya wasikilizaji wasiwaseme vibaya, maana mfalme hatavumilia. Ni dhihaka ya mtu aliyekasirika akijua kwamba hana pa kushtaki.

Ukiyaweka pamoja malalamiko hayo utaona kwamba uvivu na uchafu wa maisha, ingawa vilitajwa hapa na pale, havikuwa kiini. Kiini kilikuwa mlango. Mtawa amefungwa na nadhiri, mke amefungwa na ndoa, na kila mmoja ana mtu wa kumjibia. Begina alifanya yaleyale mema kwa hiari inayoweza kusitishwa, na jambo hilo lilifanya wema wake uonekane wa kutiliwa shaka.

## Marguerite

Sikutaka kumwandikia, kwa kuwa ameandikiwa sana. Lakini hakuna njia ya kumkwepa.

Marguerite Porete alitoka Hainaut. Aliandika kwa Kifaransa kitabu kuhusu roho inayompenda Mungu hadi inaacha kutaka chochote, hata wokovu wake yenyewe. Askofu wa Cambrai aliamuru kitabu hicho kichomwe hadharani Valenciennes, tena mbele yake, na akamkataza kukisambaza. Alikisambaza. Alikipeleka hata kwa askofu mwingine, na alikuwa na maoni ya wanazuoni watatu waliokisoma bila kukilaani. Mwaka 1308 alikuwa mikononi mwa Guillaume wa Paris, Mdominiko aliyesimamia mashtaka ya uzushi, ambaye pia alikuwa muungamishi wa mfalme na mhusika mkubwa katika kesi ya Mashujaa wa Hekalu, shirika la watawa wapiganaji wa vita vya msalaba.

Alikaa kifungoni takriban mwaka mmoja na nusu, na katika muda huo wote alikataa kula kiapo cha kujibu maswali. Wanateolojia 21 wa Chuo Kikuu cha Paris walisoma vifungu vilivyochomolewa kutoka kitabu chake wakavilaani. Tarehe 1 Juni 1310 alichomwa moto katika uwanja wa Grève. Mwandishi wa kumbukumbu ambaye hakumpenda anakiri kwamba watu wengi waliokuwapo walilia walivyomwona.

Kitabu kiliendelea kutembea bila jina la mwandishi. Kilitafsiriwa kwa Kilatini, Kiitalia na Kiingereza, kikasomwa na wamonaki katika vyumba vyao kama kitabu cha ibada. Mwaka 1927 toleo la Kiingereza lilichapishwa London likiwa na kibali rasmi cha Kanisa Katoliki. Haikuwa hadi mwaka 1946 ambapo mtafiti Romana Guarnieri alitambua kwamba kitabu kile cha ibada na kile kilichochomwa ni kimoja.

Karatasi za kesi zinamwita begina. Kama aliishi na wenzake nyumba moja au alitembea peke yake, karatasi hazionyeshi wazi. Waliomhukumu hawakuona tofauti hiyo kuwa na maana, na waliokuja baada yao waliwahukumu maelfu kwa mfano wake.

## Amri yenye mlango wa nyuma

Mtaguso wa Vienne ulikutana mwaka 1311 na 1312, na baadhi ya wanateolojia waliomhukumu Marguerite walikuwamo. Matamko yake mawili kuhusu Mabegina yalichapishwa rasmi mwaka 1317 chini ya Papa John XXII. Moja linaorodhesha makosa ya mafundisho. Jingine linawaeleza wanawake hawa kwa mambo wasiyoyafanya: hawaahidi utii kwa mtu yeyote, hawaachi mali zao, hawakiri kanuni iliyoidhinishwa, na kwa hiyo si watawa hata kama wanavaa vazi la kitawa. Hali yao inapigwa marufuku kabisa.

Kisha, mwishoni mwa tamko hilohilo, linakuja jambo la ajabu. Wanawake waaminifu wanaotaka kuishi kwa toba na unyenyekevu katika makao yao, wawe wameahidi usafi wa maisha au hawajaahidi, wasizuiwe.

Mtaguso ulipiga marufuku hali fulani ya maisha, kisha ukairuhusu kwa maneno mengine ndani ya andiko moja. Nilidhani nimekosea kusoma. Wasomi wa sheria za Kanisa wa zama hizo nao walisumbuka na mkanganyiko huo, na mwaka uliofuata Papa alilazimika kufafanua kwamba Mabegina wema wasibughudhiwe. Nani mwema? Hilo likaachiwa maaskofu.

Matokeo yakafuata jiografia. Strasbourg, askofu aliwasaka. Katika miji mingi ya bonde la mto Rhine, ambako Mabegina waliishi katika nyumba ndogondogo zilizotapakaa mitaani, wengi walikimbilia utawa wa tatu wa Mtakatifu Fransisko, yaani tawi lake la walei, ili wapate kanuni ya kuonyesha. Basel iliwafukuza mwanzoni mwa karne ya 15. Katika Flanders na Brabant walifanyiwa uchunguzi, wakaandikiwa taarifa kama ile ya Gent, wakabaki.

## Bei ya ukuta

Hapa ndipo shaka yangu ilipogeuka upande.

Mwanzoni niliusoma ukuta wa Leuven kama ngome ya uhuru. Mtalii yeyote huuona hivyo: nyumba zimetulia, barabara ni nyembamba, na ndani wanawake walijitawala. Watawala wa kike wa Flanders katika karne ya 13, Joanna na dada yake Margaret, ndio waliowapa viwanja na ulinzi. Bila wao pasingekuwa na mtaa wa Gent wala wa Brugge, na huenda leo pasingekuwa na mitaa 13 ya Mabegina iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 1998 kuwa urithi wa dunia.

Lakini rudi kwenye taarifa ya 1328. Begina haruhusiwi kulala mjini bila ruhusa ya bibi mkubwa. Haruhusiwi kuondoka hata saa moja bila ruhusa ya msimamizi wa nyumba yake. Mahali pake kanisani pamepangwa ili kutokuwapo kwake kuonekane. Kila sifa inayotajwa kwa wajumbe wa askofu ni sifa ya kuonekana, kuhesabika, kusimamiwa. Marie aliyetoka Nivelles kwenda kwa wakoma na kutoka kwa wakoma kwenda Oignies angekuta lango limefungwa jioni.

Waliosalimika ni waliokubali kuzungushiwa ukuta. Waliotembea, waliohubiri, waliogawa vitabu, waliishi kwa mashaka au hawakuishi kabisa. Sitaki kuwalaumu wa Gent kwa hilo. Kila mwanamke katika chumba kile cha sufu alijua kilichotokea Paris miaka 18 kabla, au alimjua anayejua. Lakini siwezi tena kuusoma ukuta ule bila kuona kwamba ulijengwa pia kwa ajili ya watu wa nje waliotaka kujua wanawake hawa wako wapi usiku.

Na bado walikataa kitu kimoja. Miaka mia baada ya miaka mia, chini ya maaskofu wakali na wapole, kupitia Matengenezo ya Kiprotestanti na Mapinduzi ya Ufaransa, waliongeza masharti, waliongeza sala, walifuma lesi badala ya kuosha sufu, lakini hawakuweka nadhiri za daima. Ingekuwa rahisi kuziweka. Zingewapa heshima ya kisheria waliyonyimwa kwa miaka yote hiyo. Kama walikuwa tu wanawake waliokosa nafasi monasterini, kama nadharia ya chenji inavyodai, kwa nini hawakuugeuza mtaa wao kuwa monasteri mara tu walipopata ukuta, kanisa na mapato?

Nadhani walijua walichokuwa nacho. Anayeweza kuondoka na haondoki anaamua upya kila asubuhi, na uamuzi huo ni wake, si wa siku moja ya ujana wake. Hiyo ni tafsiri yangu. Wao wenyewe hawakuacha andiko linalosema hivyo, na najihadhari nisiwawekee mdomoni fikra za karne ya 21.

## Kutoka Thysville

Mwaka 1920, katika mji wa Thysville, Kongo ya Wabelgiji, mji ambao leo unaitwa Mbanza-Ngungu, alizaliwa mtoto wa kike, Marcella Pattyn. Macho yake yalikuwa karibu hayaoni. Familia ilirudi Ubelgiji, na Marcella alipokua alitaka utawa. Mashirika yalimkataa kwa sababu ya macho. Mwaka 1941 Mabegina wa Sint-Amandsberg, Gent, walimpokea. Alisuka, alisali, aliwapigia wagonjwa kodiani na banjo, na mwaka 1960 alihamia mtaa wa Mabegina wa Kortrijk. Alifariki huko tarehe 14 Aprili 2013, akiwa na umri wa miaka 92, na magazeti ya dunia yakaandika kwamba begina wa mwisho amekufa.

Mtu anaweza kunipinga kwa kumtumia yeye mwenyewe: msichana asiyeona, wakati wa vita, angeondoka aende wapi? Hoja hiyo ni nzito, na naipokea. Mlango ulio wazi hauna maana sawa kwa kila mtu.

Ila kuna upande wa pili ambao sikuufikiria mpaka nilipofika kwa Marcella. Nadhiri ya daima hufunga pande zote mbili. Shirika likishampokea sista kwa maisha yake yote, limejitwika kumtunza hadi kaburini, na ndiyo maana hupima afya ya mwombaji kwa makini na kuogopa kumpokea mwenye ulemavu. Mabegina hawakumtaka ahadi ya daima, nao hawakulazimika kutoa ahadi ya namna hiyo siku ya kwanza. Waliweza kumpa kitanda, kumpa kazi ya mikono, na kungoja waone mambo yatakwendaje. Walingoja hivyo kwa miaka 72, na katika miaka hiyo yote hakuna upande uliomwomba mwingine aondoke.